Karafuu Nyeupe za Bi Chamima

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Shehe wetu, ndugu, majirani, na nyinyi mliotoka Mtwara, Quionga na Pundanhar mkafika hapa na vumbi la njia bado likiwa miguuni, familia ya Mzee Jamaldine Abdurremane inawapokea kwa mikono miwili, nayo imempa Carimo, mdogo wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake kabla jeneza halijanyanyuliwa kwenda msikitini, na kwa kuwa leo ni Ijumaa na sala haimngoji mtu, ameagizwa asome kwa ufupi, ingawa kila aliyemjua marehemu anajua kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kueleza jambo kwa ufupi hata siku moja.

Marehemu Chamima Jamaldine Abdurremane alizaliwa hapa Palma tarehe 6 Septemba 1971, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Jamaldine, fundi cherehani, na Bi Dalila, ambaye wengi wenu mliolewa mkiwa na vikuba vyake vya asumini na rehani vifuani, na tangu angali mdogo Chamima alikuwa akitumwa kuchuma maua alfajiri kabla jua halijayanyausha, akarudi na kapu pungufu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuonja kila ua lililompitia mkononi, akinyonya utamu ulio kwenye kitako chake na kutema lililobaki, mama yake akimfokea kwamba maua ni ya kunusa, mtoto akijibu kwamba ua zuri likikosa ladha ni hasara tupu. Alichapwa kwa jibu hilo, lakini hakulibadilisha maisha yake yote.

Alianza masomo mwaka 1979 katika shule ya msingi ya hapa Palma na kumaliza darasa la nne mwaka 1983, na Kireno alichokipata darasani kilikuwa kidogo, kingine akakiokota baadaye jikoni, hivyo aliweza kutaja unga, hamira, mdalasini na viungo vyote vya pilau kwa Kireno safi kabisa, lakini ukimtoa jikoni ulikuwa umemtoa majini, na jambo hili waombolezaji mlishike, maana litarudi mbele. Mwaka 1986, vita vya wakati ule vilipozidi kutusogelea, wazazi walimpeleka Mtwara kwa shangazi yetu, naye huko akajifunza visheti, mikate ya kumimina na keki za kuokwa kwa mkaa juu na mkaa chini, akawa anauza sokoni asubuhi na kujisifu jioni.

Akiwa Mtwara alikutana na Bwana Husseni Mudi, mchoma chokaa wa Mikindani, kijana mrefu asiye na maneno mengi, aliyekuwa ametoka kuchuma karafuu Pemba, tunasema ile Pemba ya kisiwani upande wa Unguja, si Pemba yetu hii ya mkoani, na inasemekana alinunua visheti kwa mwezi mzima bila kupenda visheti, hadi marehemu alipomuuliza mbele za watu, "Kaka, wewe unakula au unalisha kuku?" Walifunga ndoa Mtwara tarehe 12 Juni 1993, na Mwenyezi Mungu akawajaalia watoto watatu, wa kwanza akatangulia mbele ya haki angali mchanga, kisha Sumaia aliyezaliwa mwaka 1995 na Tarique aliyezaliwa mwaka 1999, ambao wamewapa wazazi wao wajukuu wanne, wote wakiwa wapenda sukari. Familia ilihamia Palma mwaka 1996, Bwana Husseni akajenga tanuri lake la kuchoma mawe ya matumbawe nyuma ya nyumba, mkewe akajenga jiko lake mbele, na tangu siku hiyo mgeni aliyefika kwao hakujua avutwe na moshi upi.

Kuhusu kazi, marehemu alikuwa mpika maandazi kama wanawake wengi wa mtaa huu hadi mwaka 2011, alipokwenda Pemba, sasa tunasema hii yetu, kumuuguza shangazi yetu mwingine, na ili asikae bure akachukua kibarua cha kuosha masufuria katika jiko la hoteli moja, ambamo alikuwemo mpishi wa keki aitwaye Bi Telma, mwenyeji wa Beira, mama mkali lakini mwenye moyo mkunjufu, na siku moja marehemu akiwa na sufuria mkononi alimwona Bi Telma akikanda sukari laini na ute wa yai na ndimu, akaisukuma nyembamba mpaka mistari ya vidole vyake ikaonekana upande wa pili, akaikata, akaikunja, akaizungushia waya, na mbele ya macho yake pakawa na ua la waridi. Marehemu aliliangalia, akauliza kama linaliwa, alipoambiwa linaliwa aliweka sufuria chini, na kwa maneno yake mwenyewe, hapo ndipo alipoelewa kwamba mama yetu alimchapa bure.

Bi Telma alimfundisha kwa miaka miwili, baada ya kazi, na aliporudi Palma mwaka 2013 alikuta mji umeanza kujaa wageni wa mradi wa gesi, watu wa Maputo, wa Nampula na wa nchi za mbali, harusi zikawa na keki za ghorofa, na yeye akawa ndiye peke yake mwenye kufanya maua ya sukari kutoka hapa hadi Rovuma. Hakuwa na vifaa vya dukani, alitumia mgongo wa kijiko kulainisha petali, sindano ya baba kuchora mishipa, na jani halisi la mlimau kulikandamiza juu ya jani la sukari ili lichukue chapa yake, lakini adui yake hakuwa vifaa, adui yake alikuwa hewa yetu hii ya pwani, kwa sababu sukari hunywa unyevu, na kwenye harusi ya kwanza aliyoipokea, mvua ikiwa imenyesha asubuhi, waridi zake zilitoka jasho, zikainamisha vichwa, na bwana harusi alipokata keki zilikuwa zimelala kama walevi. Marehemu alirudi nyumbani akashika tama, akasema anarudi kwenye maandazi.

Bwana Husseni hakumbembeleza. Alikwenda kwenye tanuri lake, akachukua chokaa mbichi iliyotoka motoni na ambayo haijatiwa maji, akaijaza kwenye kopo, akalifunga kwa kitambaa, akaliweka chini ya sanduku la bati, juu yake akatandika wavu, akamwambia mkewe, "Weka maua yako hapo, Mama Sumaia, chokaa hii ina kiu kuliko mtu aliyefunga," na ikawa hivyo, chokaa ikawa inakunywa unyevu wa sandukuni, ikivimba na kupasuka polepole hadi kuwa unga, na maua yakawa makavu yanayolia ukiyagonga kwa ukucha, na kila chokaa ilipokwisha kuwa unga Bwana Husseni alileta nyingine, kwa miaka yote hiyo, bila kuombwa. Watu walipouliza siri ya maua ya Bi Chamima yeye alijibu kwamba ameolewa vizuri, wakadhani anatania.

Sasa lirudi lile la Kireno. Mwezi Oktoba 2018 mwalimu mmoja wa sekondari, Bi Benilde, mzaliwa wa Inhambane, alimwagiza keki ya harusi yenye cravos nyeupe, na kwa watu wa kwao cravo ni ua la mjini lenye mikunjo mingi mororo, la kushikwa na bibi harusi, lakini ni jina la karafuu vilevile, na marehemu, ambaye Kireno chake kilikuwa cha jikoni, alijua cravo ile ya kwenye pilau tu. Alistaajabu, akajisemea kwamba watu wa kusini nao wana mambo yao, kisha akakwama, kwa sababu karafuu aliyoijua ilikuwa nyeusi na kavu, hajawahi kuona nyeupe, akamwendea mumewe aliyezichuma ujanani, naye Bwana Husseni, aliyekuwa haongei, siku hiyo aliongea mpaka chai ikapoa, akamweleza jinsi zinavyokaa vishada vishada kwenye ncha ya tawi, zikiwa kijani, kisha zikipata wekundu shingoni, na zile ambazo mchumaji amechelewa kuzichuma zikifunguka na kutoa nyuzi nyeupe tupu, nyingi, laini, ambazo kwa mwenye shamba ni hasara na kwa mwenye macho ni uzuri mtupu.

Marehemu alifanya matawi ya karafuu zilizofunguka, akachanganya na unga kidogo wa karafuu halisi ndani ya sukari ili zinukie, na Jumamosi tarehe 8 Desemba 2018 akaipeleka keki, akafunua kitambaa, na Bi Benilde akapigwa na butwaa. "Titia," alisema, yaani shangazi, "mimi nilitaka cravos, as flores," naye marehemu akamjibu kwamba hizi ni maua, mwanangu, mume wangu amezichuma kwa mikono yake, na hapo dada yetu akaanza kuelewa, jasho likamtoka kuliko waridi zake za mwanzo. Ndipo Bi Benilde alipochuma kichwa kimoja cha karafuu akakitia mdomoni, akafumba macho, kisha akacheka mpaka wanja ukamchuruzika, akatangaza kwamba hizi nazo ni cravos na asitokee mtu wa kumwambia vingine, na Bi Benilde mwenyewe yuko hapa leo, amekaa pale kwenye mkeka wa akina mama, kama anakataa anyooshe mkono.

Tangu harusi hiyo hapakuwa na bibi harusi wa Palma aliyetaka waridi. Walitaka karafuu za Mama Sumaia, kwenye keki na kwenye shada la mkononi, zikichanganywa na asumini ya kweli, na marehemu alikuwa na sharti moja tu, kwamba maua yaliwe, maana baadhi ya watu walikuwa wakiyaweka kwenye kabati la vioo hadi sisimizi wakayapata, na alipoyakuta kabatini mwa mtu alikasirika waziwazi, akisema hakukesha kutengeneza chakula cha sisimizi.

Waombolezaji, sasa tunafika mahali ambapo marehemu mwenyewe alikuwa akipunguza sauti. Jirani yetu Samiha alikuwa aolewe na kijana Kurwa, yule pacha, Jumamosi tarehe 27 Machi 2021, na marehemu alikuwa amekwisha kumaliza maua yake yote na kuyapanga kwenye kopo kubwa la biskuti, yakingoja keki, na Jumatano tarehe 24 mchana mji wetu ulivamiwa, kama sote tuliokuwepo tunavyojua na hatuna haja ya kusimuliana. Kurwa alikuwa kazini upande wa pili wa mji, wengine sote tukakimbilia porini, na kila mtu alibeba alichoweza, huyu mtoto, huyu godoro, Bwana Husseni alimbeba mama mkwe wake mgongoni, na dada yetu alibeba kopo la biskuti, na huyu mdogo wake anayesoma hapa alimgombeza njia nzima kwa nini hakuchukua sufuria.

Njiani kuelekea Nhica do Rovuma chakula kilikwisha, watoto wakawa wanalia, na katika pori lile kilio cha mtoto kilikuwa hatari kwa wote, na hapo marehemu alikaa chini mbele ya Samiha, akaliweka kopo katikati yao, akamwambia, "Mwanangu, maua ni yako, mimi siwezi kuyagusa bila neno lako," na Samiha, ambaye hakujua kama bwana harusi wake yu hai, alifungua kopo kwa mkono wake, akachukua tawi la juu kabisa, lile la kilele cha keki, akalivunja na kuanza kulisha watoto. Marehemu alimzuia kidogo tu, ili achomoe waya kwanza, moja baada ya nyingine, mtoto asije akachomwa koo, na kila waya aliyoichomoa aliinyoosha kwenye paja lake na kuifunga kwenye pindo la kanga, huku watoto wamenyamaza, wananyonya, na pori likinukia karafuu. Kopo lilipobaki tupu alimwambia Samiha maneno ambayo ndiyo yaliyoongoza maisha yake tangu siku hiyo hadi jana: "Nitakufanyia mengine, kwa waya hizihizi."

Familia ilifika Mtwara salama, kwa rehema za Mungu, lakini habari za Kurwa hazikufika, mwaka ukapita, wa pili ukapita, watu wenye huruma wakaanza kumwombea Samiha dua za mjane ambaye hajaolewa, na wachumba wawili wakaja, naye akawajibu kwa adabu na kuwarudisha. Marehemu hakumsukuma wala hakumzuia, alimwambia tu kwamba maua yake yapo siku yoyote na kwa mume yeyote atakayemtaka, na zile waya alizifunga kwenye kitambaa chenye mafuta ya nazi zisishike kutu, akawa anazipaka upya kila zilipokauka. Mwaka 2023 familia ilirudi Palma, Bwana Husseni akakuta tanuri lake limejaa majani, akalisafisha, Samiha na wazazi wake wakabaki Mtwara.

Kuhusu ugonjwa, mwezi Agosti 2022, angali Mtwara, marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari, na tunajua kwamba tangu asubuhi wapo waliokwisha kunong'ona kuhusu jina la ugonjwa huo na kazi ya mikono yake, basi wapumzike, daktari alieleza kwamba maradhi hayo yana njia nyingi za kumwingia mtu, na marehemu mwenyewe alilicheka jambo hilo kabla yenu, akisema sukari imeona wivu kwa vile amekuwa akiwapa watu wengine. Kilichomuumiza kilikuwa macho, ambayo yalianza kufifia mwishoni mwa mwaka 2023, yakazidi, waridi zikamshinda, majani yakamshinda, akawa anakaa barazani mikono imelala mapajani, na sisi tuliomzoea akiwa na maneno tuliona nyumba imekuwa kimya kuliko inavyostahili.

Akiwa amekaa hivyo, asubuhi ya tarehe 19 Aprili 2025, mtu alipita uani akaomba maji ya kunywa, na marehemu, ambaye hakuona ila kivuli, aliijua sauti ile, akauliza, "Wewe ni Kurwa au ni Doto?" na mtu yule akajibu kwamba yeye ni Kurwa, amekuwa Nampula akifyatua matofali, alikuja tu kutazama kama nyumba ya baba yake ingalipo, kwa kuwa aliambiwa na mtu aliyedai kuona kwa macho yake kwamba Samiha alikufa njiani. Ukelele alioupiga dada yetu ulimtoa imamu nyumbani kwake. Simu ikapigwa Mtwara papo hapo, na Samiha alipoambiwa alijibu, "Mama Sumaia, vichekesho hivyo mimi sivitaki," akakata simu, ikabidi ipigwe tena na Kurwa mwenyewe aseme, naye akalia tu, na Samiha akakijua kilio.

Harusi ilipangwa Jumamosi ya tarehe 22 Novemba 2025, yaani wiki ijayo, kabla ya mvua, na marehemu akaomba kile kitambaa chenye waya. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka, daktari wa hapa wilayani alimtaka apumzike, lakini alisema karafuu haitaki macho, inataka vidole, kwa maana kichwa chake unakiviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, unakibana shingo, unakipasua ncha mara nne, na mkono wake ulilijua hilo kuliko ulivyojua njia ya kwenda mdomoni. Kitu ambacho vidole havikuweza kujua ni rangi, na hapo ikabidi Sumaia asogee, huyu Sumaia wetu anayefanya kazi ofisini, ambaye tangu utoto alikuwa amekula kiapo kwamba yeye na sukari ni mbalimbali, aliketi kuchanganya rangi, na mama yake akawa anamuuliza, "Kijani gani hicho? Wekundu wa shingoni umefika wapi?" naye Sumaia, aliposhindwa kueleza, alimwita baba, na Bwana Husseni akasimama mlangoni na vumbi jeupe la chokaa mikononi, akaeleza upya shamba lile la ujana wake, nao wawili wakasikiliza. Tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba miezi hiyo ilikuwa ya furaha katika nyumba hii, ugonjwa ulikuwemo, lakini haukukaa mbele.

Jana, Alhamisi tarehe 13 Novemba, ilikuwa imebaki waya moja. Marehemu hakuwa na nguvu ya kuketi, akamwambia Sumaia aifanye yeye, na Sumaia akaifanya, tawi zima, vichwa, shingo, nyuzi nyeupe na majani mawili, akaliweka mkononi mwa mama yake, naye akalipapasa kwa muda mrefu, tukadhani amepitiwa na usingizi, kisha akasema, "Hili si langu," na Sumaia akaanza kuomba radhi kwamba atalirudia, mama yake akamkatiza, "Sijasema ubaya. Liweke juu kabisa." Leo alfajiri, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025, muadhini akiwa hajamaliza, dada yetu Chamima aliitika wito wa Mola wake, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, kitandani kwake, mkono wake mmoja ukiwa mkononi mwa mumewe. Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea.

Kuna jambo moja limebaki, na familia imetaka lisomwe hapa mbele ya wote ili lisipite vichochoroni. Asubuhi hii baba yake Samiha, aliyewasili toka Mtwara kwa ajili ya harusi na kukuta msiba, alikuja kwa heshima kubwa kutuambia kwamba wao hawawezi kupiga ngoma wakati jirani amefiwa, na kwamba harusi wameisogeza hadi baada ya arobaini, na hivyo ndivyo desturi yetu ilivyo, hakukosea hata neno. Tulimshukuru, wazee wakakubali, na jambo lilikuwa limekwisha, hadi Bwana Husseni aliposimama na kusema, "Arobaini ni katikati ya mvua, na tanuri haliwaki mvuani. Chokaa yangu haivuki Desemba." Wazee hawakumwelewa mara moja, wakadhani ni majonzi, akawaongoza chumbani, akafungua sanduku la bati, na humo wakaona karafuu nyeupe zimejaa hadi juu, zimekauka, zinanukia, na chini yake chokaa imekwisha kuanza kupasuka, na akawakumbusha maneno ambayo marehemu aliyasema mbele yake na mbele ya Sumaia zaidi ya mara moja, "Nikiondoka kabla, msinifanyie harusi ya watu kiporo."

Kwa hiyo familia ya Mzee Jamaldine, baada ya kushauriana na shehe, aliyetuthibitishia kwamba tanga letu la siku tatu litakuwa limekwisha na kwamba hakuna dhambi katika furaha ya halali, inamwomba baba yake Samiha apokee neno letu hadharani: harusi iko palepale, Jumamosi ya wiki ijayo, ngoma zipigwe, na zipigwe upande wetu huu wa mtaa kwanza, na sisi wafiwa tutakuwa wa kwanza kuingia. Sumaia ataoka keki kwa mkaa juu na mkaa chini, maua atayapanga yeye, na wale watoto waliolishwa njiani kuelekea Nhica, ambao leo wengine wameanza kuota ndevu na mmoja wao atalibeba jeneza hili begani, wameomba kwa hiari yao waibebe keki hiyo hadi nyumbani kwa bibi harusi, tumewakubalia, ilimradi wasiionje njiani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa wilayani na wa Mtwara, waliompokea marehemu kila alipofika na kuvumilia maswali yake, inamshukuru Bi Telma, ambaye hakuweza kufika kutoka Beira lakini amepiga simu na kulia nasi, inamshukuru Bi Benilde, akina mama wa mtaa waliochota maji tangu alfajiri, majirani waliofungua nyumba zao kwa wageni, vijana waliochimba kaburi, wafanyakazi wenzake Sumaia, ndugu wa Quionga na Pundanhar walioianza safari kabla hata hawajala, na kila mmoja ambaye jina lake halikutajwa, msituone watovu wa adabu, ulimi wa mfiwa ni mzito. Aliyekwaruzana na marehemu amsamehe, na kama kuna mtu bado ana maua yake kwenye kabati la vioo, ayatoe leo, ayale.

Dada Chamima, watoto walikula maua yako kwa njaa, wakanyamaza, wakapona. Jumamosi tutayala tena kwa kelele, wewe lala kwa amani.